Makumbusho ya Thorvaldsen, Copenhagen: nyumba inayomwonyesha mchongaji akiwa kazini

Kwa watu wa Lindi na Mtwara, makumbusho ya Ulaya yakitajwa, kinachokumbukwa kwanza ni mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, iliyofukuliwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na kusafirishwa hadi Berlin, ambako mjusi yule mkubwa amesimamishwa hadi leo. Mazungumzo hayo yana uchungu wake na yana haki yake. Makumbusho ninayotaka kuyaeleza hapa ni ya namna nyingine, na nayaleta mbele ya wasomaji wa kusini kwa sababu yanahusu kazi ambayo upande wetu wa nchi umejulikana nayo duniani, yaani kuchonga. Ni Makumbusho ya Thorvaldsen, yaliyoko Copenhagen, mji mkuu wa Denmark: jumba zima lililojengwa kwa ajili ya kazi za mtu mmoja, Bertel Thorvaldsen, aliyezaliwa mwaka 1770 na kufariki mwaka 1844. Nilipata nafasi ya kuyatembelea nikiwa safarini kikazi, na tangu niliporejea Mtwara nimekuwa nikiyazungumza na wachongaji wa hapa, wenye maswali makali kuliko yangu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa mtu anayechonga, au anayependa kujua kitu kilichochongwa kimefikaje kuwa kilivyo, sijaingia katika makumbusho mengine yanayomfaa kuliko haya. Sifa hiyo haitokani na sanamu za marumaru, ingawa zipo na ni nzuri. Inatokana na jasi, udongo mweupe wa aina ileile inayochimbwa wilayani Kilwa na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji, ambao katika jumba hili umepewa heshima kamili, chumba kwa chumba.

Thorvaldsen alikuwa mtoto wa fundi. Baba yake, Gottskalk, alitoka Iceland akafanya kazi ya kuchonga mbao Copenhagen, akitengeneza sanamu za kupamba omo za meli, na mtoto alikulia kwenye vumbi la mbao kama wanavyokulia watoto wengi wa wachongaji wa Newala na Tandahimba. Akiwa na umri wa miaka 11 alipokelewa katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme. Mwaka 1793 alipata medali kubwa ya dhahabu, ambayo ilimpa fedha za kwenda kujifunza nje ya nchi, na baada ya safari ndefu ya baharini aliingia Roma tarehe 8 Machi 1797. Tarehe hiyo aliithamini kiasi kwamba alikuwa akiisherehekea kama siku yake ya kuzaliwa ya Kirumi. Ukiacha ziara moja ya kurudi nyumbani iliyoanza mwaka 1819, aliishi na kufanya kazi Roma hadi mwaka 1838.

Zama zake zilikuwa zama za kuwarudia Wagiriki na Warumi wa kale. Miji ya Herculaneum na Pompeii, iliyofunikwa na majivu ya mlima wa moto, ilikuwa imeanza kufukuliwa miongo michache kabla hajazaliwa, na wasanii wa Ulaya walikuwa wamechoshwa na mapambo mazito ya makanisa na majumba ya wafalme. Walitaka mistari safi, miili iliyotulia, nyuso zisizopiga kelele. Bingwa wa mtindo huo mjini Roma alikuwa Antonio Canova, Mwitalia, na kijana kutoka Copenhagen alilazimika kujipatia nafasi pembeni ya jina hilo.

Aliipata kwa sanamu ya Jason, shujaa wa hadithi za Kigiriki aliyekwenda kuitafuta ngozi ya kondoo wa dhahabu. Umbo la kwanza alilifinyanga kwa udongo, akakosa fedha za kulimimina kwa jasi, likaharibika. Akaanza upya, kwa ukubwa unaozidi ule wa binadamu, na safari hii Friederike Brun, mwandishi mwenye asili ya Ujerumani aliyeishi Denmark, akamsaidia gharama za jasi. Mwaka 1803 fedha za masomo zilikuwa zimekwisha na mizigo ilikuwa tayari imefungwa. Safari ikacheleweshwa kwa tatizo la hati za kusafiria za mwenzake, na katika ucheleweshaji huo akaingia karakanani Thomas Hope, tajiri kutoka Uingereza, akaitazama sanamu ya jasi na kuiagiza kwa marumaru. Thorvaldsen hakuondoka tena. Canova mwenyewe aliisifu kazi ile kwamba ina mtindo mpya na mkubwa. Kitu ambacho wateja wa vinyago wa Mtwara wangekishangaa ni kwamba Hope alikabidhiwa mzigo wake mwaka 1828, miaka 25 baada ya kuuagiza. Marumaru hiyo iliuzwa pamoja na mali za ukoo wa Hope mwaka 1917, ikanunuliwa na kurudishwa Copenhagen, na sasa iko katika jumba hili.

Jason amesimama akitembea, mkuki umelala begani, ngozi ya dhahabu imening'inia juu ya mkono wa kushoto, na kichwa amekigeuza kuangalia pembeni kama mtu anayepita mbele ya adui asiyemhofia. Nilichokipenda ni uzito wa mguu. Miguu ya sanamu nyingi za kale zilizonakiliwa huonekana imewekwa chini; huu unabeba. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tajiri yule alitoa oda papo hapo.

Sasa nirudi kwenye jasi, kwa kuwa bila kuielewa mgeni atapita vyumba vingi akidhani anaonyeshwa nakala. Mchongaji wa mpingo huku kwetu huanza na gogo. Huligeuzageuza, huangalia linavyopinda na lilipopasuka, kisha tezo huanza kuondoa kisichotakiwa, na kilichoondoka hakirudi. Thorvaldsen, kama wachongaji wakubwa wengi wa zama zake, hakuanza na jiwe. Alianza na udongo wa mfinyanzi uliojengwa juu ya kiunzi, akaongeza na kupunguza hadi umbo likamridhisha, huku udongo ukifunikwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa ili usikauke na kupasuka. Umbo likikamilika lilizungushiwa jasi laini ili kupata kalibu. Udongo ukatolewa, ndani ya kalibu ikamiminwa jasi nyingine, na ilipokauka kalibu ikavunjwa kwa nyundo na patasi hadi sanamu ikatokea. Udongo umekwisha haribika, kalibu imekwisha vunjwa. Kinachobaki ni ile sanamu ya jasi, na ndiyo asili ya kila marumaru itakayofuata.

Baada ya hapo walikuja mafundi wa jiwe. Waliweka alama nyingi juu ya jasi, penye ncha ya pua, penye kidevu, penye goti, penye kila mahali panapoinuka au kuzama, kisha kwa bikari na vipimo wakahamisha umbali wa kila alama kwenye bonge la marumaru, wakitoboa hadi kina kilekile na kuondoa jiwe hadi matobo yote yakafikiwa. Thorvaldsen mwenyewe aliingia kwenye hatua za mwisho, kusahihisha uso, nywele na ngozi, na mara nyingine aliacha hata hilo kwa msaidizi aliyemwamini.

Alama hizo bado zipo. Ukisogea karibu na sanamu za jasi katika korido za jumba hili, utaona vidoa vidogo vya giza vimetawanyika kwenye paji la uso, kwenye mabega na kwenye mikunjo ya nguo. Utaona pia mstari mwembamba uliotokeza pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, ambao fundi wa siku hizi angeusugua kwa msasa. Hapa hawakuusugua. Mimi nilikaa mbele ya kichwa kimoja cha jasi muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya sanamu ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi, kwa sababu kilikuwa kinanieleza kazi ilivyofanyika, hatua kwa hatua, bila mtu wa kunitafsiria.

Picha za vidoa hivyo ndizo nilizomwonyesha mchongaji mmoja mzee anayefanya kazi yake chini ya mkorosho kando ya barabara ya kwenda Mikindani. Baada ya shikamoo na habari za safari, alichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili na kuitazama kwa makini.

"Hivi vidoa ni vya nini, mwanangu?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapo juu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo aliyechonga si yeye."

"Yeye alifinyanga, mzee wangu. Jiwe walichonga wengine, naye akamalizia."

"Na jiwe likipasuka katikati ya kazi, hasara ya nani?"

Nilimjibu kwamba jiwe lilipotea, lakini umbo halikupotea, kwa sababu jasi ilikuwa imesimama palepale na kazi ingeweza kuanzwa upya. Alitikisa kichwa kwa kukubali, akanionyesha kinyago alichokuwa amekilaza pembeni, ambacho ufa ulitokea ndani ya mpingo baada ya siku nyingi za kazi. "Hiki," alisema, "hakina jasi." Kisha akarudi kwenye jambo lake la kwanza: hao waliochonga jiwe, majina yao yako wapi?

Swali hilo ni zito. Karakana ya Thorvaldsen mjini Roma iliajiri watu wengi, na baadhi yao wanajulikana vizuri kwa kuwa baadaye walikuwa wachongaji wenye sifa zao: Pietro Tenerani, Hermann Ernst Freund, Herman Wilhelm Bissen. Wengine wengi waliochoma mapafu yao kwa vumbi la marumaru wamebaki kwenye vitabu vya malipo tu. Mfano ulio wazi zaidi ni simba anayekufa wa Lucerne, Uswisi, ukumbusho wa askari wa Uswisi waliouawa Paris mwaka 1792. Watu humtaja kuwa kazi ya Thorvaldsen, na kweli umbo ni lake, lakini aliyemchonga simba yule kwenye mwamba, hadi akamaliza mwaka 1821, ni Lukas Ahorn. Tunaotoka kwenye nchi ya Wamakonde hatuwezi kulipuuza jambo hili, kwa sababu sanamu nyingi zilizoondoka kwetu na kuingia kwenye makusanyo ya Ulaya ziliandikwa jina la kabila bila jina la aliyezichonga. Jumba la mchongaji mmoja, kwa asili yake, huvuta sifa zote upande mmoja, na mgeni anapaswa kuingia akilijua hilo.

Jengo lenyewe linastahili safari hata kama sanamu zingeondolewa. Mwaka 1838 Thorvaldsen aliandika wasia wa kuuachia mji wa Copenhagen kazi zake na vitu alivyokusanya, kwa masharti kwamba vitunzwe katika jumba lake maalumu. Wananchi walichanga fedha. Mfalme Frederik VI alitoa banda la magari ya farasi la ikulu ya Christiansborg, na msanifu kijana, Michael Gottlieb Bindesbøll, akaligeuza kuwa jumba lililofunguliwa tarehe 18 Septemba 1848. Lilikuwa jengo la kwanza nchini Denmark kujengwa kwa ajili ya makumbusho ya umma. Nje lina rangi ya manjano iliyokolea, na juu ya mlango wa mbele kuna gari la shaba linalovutwa na farasi wanne likiendeshwa na mungu wa kike wa ushindi.

Kuta za nje zimezungushiwa picha kubwa zilizochorwa na Jørgen Sonne na kutengenezwa kwa lipu ya saruji yenye rangi. Upande unaoelekea mfereji unaonyesha mapokezi ya Septemba 1838, Thorvaldsen alipofika kwa manowari ya kifalme iitwayo Rota na watu wakajaa kwenye mashua kumlaki. Pande nyingine ndizo zilizonigusa zaidi. Zinaonyesha mabaharia na wapagazi wakishusha masanduku na kuvuta sanamu kwa kamba, migongo imeinama, wengine wakisukuma nyuma. Ni nadra kwa jumba la heshima namna hii kuweka jasho la wapagazi kwenye ukuta wake wa nje, na mtu aliyewahi kuona magunia ya korosho yakipakiwa bandari ya Mtwara ataitambua mikao ile mara moja.

Ndani, Bindesbøll alifanya uamuzi ambao naona ni wa ujasiri. Wengi wetu tumezoea kuona sanamu nyeupe mbele ya ukuta mweupe. Yeye alipaka kuta rangi nzito: nyekundu ya damu ya mzee, kijani, zambarau, buluu. Dari za vyumba zimepinda na kupambwa kwa michoro ya namna iliyopatikana Pompeii, na sakafu zimetandazwa vipande vidogo vya rangi katika nakshi zinazobadilika kutoka chumba hadi chumba. Mbele ya ukuta wa rangi iliyokolea, ukingo wa bega au wa shavu unaonekana wazi, na jicho halihangaiki. Vyumba vya ghorofa ya chini ni vidogo, na kwa kawaida kila kimoja kinatawaliwa na sanamu moja, huku kazi ndogo zikiizunguka. Kwa hiyo unapata kusimama na kazi moja peke yake, ukaizunguka, ukatoka. Mwanga unatoka madirishani na unaingia kwa upande, hivyo kivuli kinahama kadiri siku inavyosogea. Asubuhi na alasiri sanamu ileile haifanani.

Katikati ya jengo kuna ua, na katikati ya ua kuna kaburi la Thorvaldsen mwenyewe, lenye ukingo wa jiwe na mmea wa kutambaa juu yake. Alifariki ghafla tarehe 24 Machi 1844 akiwa kwenye ukumbi wa Jumba la Michezo la Kifalme, jengo lake likiwa bado halijakamilika, na mwaka 1848 mwili wake ukahamishiwa hapa. Kuta za ua zimechorwa miti, na miongoni mwake imo ya jamii ya mitende. Wapo watakaosikia vibaya kwamba makumbusho yamejengwa kuzunguka kaburi. Mimi niliona linaendana na desturi yetu ya kutomtenga marehemu mbali na nyumba aliyoijenga.

Kuhusu kazi moja moja, nitataja chache. Mercury wa mwaka 1818 ndiye ninayemweka juu ya wote. Katika hadithi, Mercury, mjumbe wa miungu, amempigia filimbi Argus, mlinzi mwenye macho mia moja, mpaka akalala, na sasa yuko tayari kumuua. Thorvaldsen amechagua nukta ileile ambayo muziki umekoma na upanga haujatoka: filimbi imeshuka kutoka mdomoni ikiwa kwenye mkono wa kushoto, mkono wa kulia unauchomoa upanga taratibu, na kisigino kimebana ala ili isifuate upanga. Kisigino hicho ndicho chenye hadithi yote. Anayemtazama Mercury kwa mbele akaridhika na uso mzuri atakuwa hajaiona kazi. Azunguke, ainame kidogo, akitazame kisigino.

Ganymede wa mwaka 1817, kijana wa hadithi za Kigiriki, anapiga goti na kumnywesha tai wa Jupiter, mkuu wa miungu, kwenye bakuli, na utulivu uliopo kati ya kijana na ndege yule mkubwa ni wa kushangaza. Mchongo bapa wa Usiku, wa mwaka 1815, ni wa ukubwa wa wastani tu: mwanamke mwenye mabawa anaruka akiwa amewakumbatia watoto wawili waliolala, na nyuma yake anaruka bundi. Kwetu bundi ni mkosi, na nilijikuta nikisita. Lakini jinsi kichwa cha mama yule kilivyoinama, kana kwamba naye anasinzia huku akiruka, ni kitu ambacho mama yeyote aliyebeba watoto usiku atakitambua. Sishangai kwamba mchongo huo ulinakiliwa sana na kuenea Ulaya.

Kazi nyingine hazikunishika. Ukumbi wa kuingilia umejaa sanamu kubwa za jasi za kumbukumbu zilizosimamishwa kwenye viwanja vya miji ya Ulaya: mwanafalaki Copernicus wa Warsaw, mpiga chapa Gutenberg wa Mainz, mshairi Schiller wa Stuttgart, na wapanda farasi walioinuliwa juu kabisa. Ukubwa unatisha, lakini nyuso zimepoa, na farasi wanaonekana wamesimama kwa amri. Nakshi ndefu ya Alexander Mkuu akiingia Babylon, iliyofinyangwa kwa haraka mwaka 1812 kupamba ikulu ya Quirinal kwa ajili ya ziara ya Napoleon Roma, ziara ambayo haikutokea, ina sehemu za kupendeza zenye mifugo, wavuvi na askari, ila inachosha ukiifuata yote. Vichwa vya mabwana na mabibi waliolipia kuchongwa ni vingi mno. Ubaridi huu ndio udhaifu wa mtindo wenyewe: kutuliza kila kitu kunaweza kufika mahali uhai ukaondoka. Wachongaji wetu wa mashetani, ambao huacha mpingo ujipinde na kutoa macho mahali pasipotarajiwa, wangekuwa na la kumwambia Thorvaldsen hapo.

Ukumbi wa Kristo ni habari nyingine. Thorvaldsen aliagizwa kulitengenezea sanamu kanisa la Vor Frue, kanisa kuu la Copenhagen, lililokuwa likijengwa upya baada ya kuharibiwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1807. Sanamu za marumaru ziko kanisani hadi leo; za jasi ziko hapa, Kristo mbele na mitume pembeni. Kristo amesimama akiwa ameshusha mikono na kuifungua, kichwa kimeinama kidogo, na ili kumwona usoni inakubidi usogee karibu kabisa na kumtazama kutoka chini. Umbo hili limenakiliwa duniani kote, na huenda msomaji amekwisha liona kwenye kadi au kalenda bila kujua lilikotoka. Nililifikiria sana kwa kulilinganisha na kanisa la Mtakatifu Paulo hapa Majengo, ambalo Padri Polycarp Uehlein aliwajaza waumini macho kwa kuta zenye rangi na watu wengi. Huko Injili inasimuliwa yote kwa mkupuo. Thorvaldsen ametoa mkao mmoja tu, naye akauachia mkao huo usimulie. Mitume, kwa maoni yangu, hawamfikii.

Ghorofa ya juu nitaipita kwa haraka. Kuna michoro ya rangi aliyonunua kutoka kwa wasanii wa wakati wake, wakiwemo wengi waliokuwa vijana wasio na jina, kama Mnorwei J. C. Dahl, na kuna vitu vya kale vya Misri, Ugiriki na Roma, pamoja na vito vidogo vilivyochongwa. Anayependa kazi za mkono asiviruke vito hivyo. Kitu kingine kinachoonyesha uhusiano wake na vya kale hakimo humu: kati ya mwaka 1816 na 1817 alizikarabati sanamu za Kigiriki za Aegina, ambazo sasa ziko Munich, akiongeza vichwa na viungo vilivyopotea, na katika karne ya 20 nyongeza zake zikaondolewa. Mtu aliyewaheshimu Wagiriki kiasi hicho alidiriki kuwamalizia kazi, na waliokuja baadaye wakaona bora mwili uliokatika kuliko mkono wa kubandika.

Kwa anayetaka kwenda, mambo machache ya vitendo. Jumba liko kisiwani Slotsholmen, jirani na Christiansborg ambako bunge la Denmark hukutania, na linafikika kwa miguu kutoka katikati ya mji. Jumatatu hufungwa. Anayekwenda na watoto au wazazi ajue kwamba sanamu nyingi ni za miili mitupu, kama walivyochonga Wagiriki, na ni vizuri kulizungumza hilo kabla ya kuingia kuliko kuvutana mikono mbele ya Jason. Kanisa la Vor Frue si mbali, na ningeshauri uanze makumbusho, uende kanisani, kisha urudi makumbusho siku hiyohiyo ikiwa muda unaruhusu. Tofauti kati ya jasi na marumaru ya Kristo huonekana vizuri macho yakiwa bado yanakumbuka.

Nauli ya kufika huko ni kubwa na viza ina shughuli zake, hivyo wengi wetu tutayafikia makumbusho haya kupitia intaneti, na hapo yamejitahidi sana. Picha za mkusanyiko zinatazamwa bure, na kuna hazina ya barua alizoandika na kuandikiwa Thorvaldsen, zikiwa na maelezo ya watafiti. Mchongaji anayebishana na mteja juu ya oda iliyochelewa atafarijika kufuatilia habari za Thomas Hope humo. Kwa mwenye simu ndogo, nashauri aanze na picha za sanamu za jasi zilizopigwa karibu, azikuze, atafute vidoa.

Na anayepanga kusafiri mwishoni mwa mwaka, wakati tiketi za ndege zikipatikana, aingie asubuhi mapema. Mwezi wa Desemba jua la Copenhagen huzama kabla ya saa kumi alasiri, na sanamu hizi zilipangiwa mwanga wa madirisha.